Kwa Nini Sikuja Kumsuka Jucilene

Ghorofa ya tisa, chumba cha nyuma,
Higienópolis,
São Paulo.
Jumapili, 23 Agosti 1987

Mpendwa dada yangu Edinalva,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na shemeji Gilberto na watoto wote, na kwamba kifua chako kimepata nafuu tangu walipokutoa kwenye chumba cha kukaushia tumbaku. Unakohoa bado? Usinifiche. Mimi mwili ni mzima. Mafua yanakuja na kuondoka, na mikono imepasuka kwa sabuni, lakini naipaka mafuta ya nazi kila nikimaliza vyombo na inatulia.

Barua yako niliipata Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba. Mzee Raimundo, bawabu wa hapa chini, alinipa nilipokwenda kumwaga takataka. Nilipoifungua likadondoka butu la nywele lililofungwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimesimama mbele ya beseni la kufulia, na nilizitambua nywele za mwanangu kabla sijasoma hata neno moja.

Dada, sijakasirika. Nilikasirika siku mbili, zimepita. Una wako wanne, unaamka alfajiri kwenda kusokota sigara za watu, chawa wameingia shule nzima, halafu kuna kichwa cha Jucilene ambacho hata mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akikiita msitu. Ungefanya nini? Mkasi ulikuwa karibu. Kilichoniuma ni pale ulipoandika kwamba alikaa kimya mpaka ukamaliza. Huyu Juci anayelia akiona sabuni tu. Sikujua kwamba siku hizi ananyamaza.

Umeniuliza kwa nini sikuja mwezi wa sita kama nilivyoahidi. Nilikuandikia kwamba kazi zilizidi. Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli wote. Leo bibi mwenye nyumba, Dona Heloísa, amekwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake pamoja na mjukuu wake, nami nina saa tatu peke yangu. Amefunga mlango wa mbele na wa jikoni, funguo zote mbili zimo kwenye mkoba wake. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Basi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari liko mapajani, nikueleze.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mwanawe, Otávio, anafanya kazi kwenye bwawa la umeme huko kaskazini. Kumbe alikuwa na mtoto na mwanamke mmoja mweusi wa jimbo la Minas, aliyeitwa Conceição, na hapa nyumbani jina hilo lilikuwa halitajwi. Mwezi wa pili Conceição alifariki kwa ugonjwa wa figo. Mwezi wa tatu Otávio alimleta mtoto, akamwacha ukumbini na mfuko mmoja wa nguo, akarudi kwenye bwawa lake. Mtoto anaitwa Marcela. Ana miaka sita. Ana macho ya bibi yake, na nywele ni za mama yake kabisa, kipilipili kizito kama chetu. Mama yake alikuwa amelazwa wiki nyingi, mtoto akikaa kwa majirani, na hakuna aliyegusa kile kichwa. Zilikuwa zimeshikana zimekuwa kitu kimoja, kama kofia ya sufu iliyonyeshewa mvua.

Dona Heloísa alimwangalia, akaniambia, "Val, mpigie simu yule bwana wa saluni. Aje na mashine."

Yule bwana alikuja, akanyanyua nywele kwa ncha ya kitana kama mtu anayekagua panya, akasema hapa hakuna la kufanya ila kunyoa. Mtoto akateleza kutoka kwenye kiti akaingia chini ya meza. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Mama alinisuka hizi."

Dada, ungekuwa wewe ungenyamaza? Mimi nilisema, "Dona, nipe mpaka jioni. Nikishindwa, mnyoeni." Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, na kwa furaha.

Nilichemsha bamia. Unajua namna mama alivyokuwa akifanya: bamia kumi zimepasuliwa kati, maji vikombe viwili, moto mdogo mpaka maji yavute ute. Nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia kahawa. Nikakuna nazi, nikakamua tui zito. Tukakaa kwenye sehemu ya kufulia, mimi juu ya ndoo hii hii, yeye kwenye kigoda katikati ya magoti yangu. Nikamlowesha kwa ute wa bamia na tui kidogo kidogo, kisha nikaanza na vidole, kutoka kwenye ncha kwenda juu, fundo moja moja. Kitana cha meno mapana kilikuja baadaye sana. Tulianza baada ya chakula cha mchana, na tulipomaliza tamthilia ya saa moja ilikuwa imeanza. Nilimkata mahali pawili tu, nyuma ya sikio. Alinisimulia kila kitu cha mama yake, mpaka alivyokuwa akipiga chafya. Mwishowe akalala, mdomo wazi, shavu kwenye paja langu, na mabutu sita kichwani.

Dona Heloísa alikuja akasimama mlangoni. Alisema, "Kumbe ana uso mzuri." Nami nikajivuna, dada. Nisikudanganye, nilijivuna.

Tangu siku hiyo kichwa cha Marcela kikawa changu. Jumamosi kuosha, Jumapili kusuka ili Jumatatu aende shule. Jumapili zangu mbili za mwezi, zile nilizokuwa nakwenda kanisani na kukutana na watu wa kwetu Bahia, zikaisha bila mtu kuzitaja. Wageni wakija mtoto anaitwa azungushwe, waone mistari. Mimi nimesimama na sinia la kahawa.

Mwezi wa tano nikaomba ruhusa ya kuja nyumbani kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Nilikuwa nimemshonea Juci gauni la kuchezea ngoma ya sikukuu, lile la maua, bado limo kwenye mfuko. Dona Heloísa alikuwa akipaka siagi kwenye mkate. Akauliza, "Na nywele?"

"Ni siku kumi tu, Dona."

"Siku kumi bila wewe, atarudi kuwa vile alivyokuja. Huwezi kumzoesha mtoto hivi halafu umwache, Val. Si wewe uliyetaka?"

Nilimuuliza kuhusu kitabu changu cha kazi, maana kimo kwenye droo ya meza yake tangu mwaka juzi alipokichukua kukisajili. Bila kitabu hakuna nyumba nyingine itakayonipokea. Akasema mhasibu wake anakihitaji bado. Mhasibu gani anahitaji kitabu cha mtu miaka miwili?

Basi nikawaza, kama ni nywele zinazonifunga, nitamfundisha bibi mtu. Jumamosi moja nilimwomba akae karibu. Alikuja na glavu za kuoshea vyombo. Nikamwambia, "Vua, Dona. Mtoto si sufuria." Akavua, akaziweka kando ya beseni. Mwanamke yule alikuwa na mtoto ndani ya nyumba miezi mitatu na hajawahi kugusa kichwa chake. Akachukua kitana, akakipeleka moja kwa moja kwenye utosi, akavuta. Marcela akakakamaa kama ubao.

"Anza chini, Dona. Kwenye ncha."

"Ndivyo ninavyofanya."

"Bibi, unaumiza," Marcela akasema. "Mpe Val."

Alijaribu tena. Sitasema kwamba hakujaribu. Lakini mtoto akaanza kulia, kitana kikaanguka, na Dona Heloísa akanigeukia na uso mwekundu. "Umemfundisha anikatae." Akaondoka, na hakurudi kwenye sehemu ya kufulia mpaka leo. Mwezi wa sita ukapita. Nilizisikia fataki za sikukuu kwa mbali, nikapiga pasi mashuka.

Ndipo barua yako ikaja na lile butu. Sikuweza kulificha, macho yalikuwa yamevimba. Dona Heloísa akauliza, nikamwonyesha. Alilishika muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo wiki moja kabla ningepiga magoti kuyasikia: "Mlete huku. Atalala kwako. Watacheza na Marcela, na atakusaidia kazi ndogo ndogo."

Najua nawe uliniandikia hivyo, kwamba nimchukue. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikapima kwa macho. Chumba hakina dirisha. Ukinyoosha miguu unagusa ubao wa kupigia pasi. Nikamwona Juci anapanda lifti ya watumishi na ndoo yake. Nikamwona mezani, lakini hajakaa, amesimama. Marcela anamwambia kwa upole, maana ni mpole, "Juci, niletee maji," na mwanangu analeta. Mwaka wa kwanza ni mchezo. Wa pili ni kazi. Wa tatu ana kitabu chake kwenye droo ile ile. Nikatoka nikasema, "Nashukuru, Dona. Mtoto atabaki nyumbani." Alishangaa. Ananiona mtu asiyejua kupokea wema.

Ikabaki njia moja, nayo naiona aibu kuiandika. Niliamua kumfundisha Marcela mwenyewe. Mtoto wa miaka sita. Nilitundika kioo kidogo juu ya beseni la kufulia, nikampa kitana. Nilimfundisha kugawa nywele sehemu nne na kuzibana kwa vibanio vya nguo, kupaka ute wa bamia kwa kiganja, kuanzia kwenye ncha, kusuka nyuzi tatu. Ana vidole vyepesi, dada. Kwa wiki mbili alikuwa ameweza butu la mbele. Nikafurahi. Nikaanza kuhesabu wiki kichwani.

Jumamosi ya wiki iliyopita alisimamisha mkono katikati ya butu, akaniangalia kwenye kioo. Akasema, "Unanifundisha ili uondoke."

Nilijifanya naangalia sufuria jikoni.

Kuanzia hapo vidole vikawa vizito. Kila nilichomwonyesha amekisahau. Jumatatu nilimsuka vizuri, akafika kwenye meza ya chai nywele zote zimefumuliwa zimesimama. Jumanne vilevile. Dona Heloísa hakumgombeza. Alinigombeza mimi: "Unaona? Hata wewe ukiwepo ni taabu, sembuse usipokuwepo." Mtoto alikuwa ananiangalia juu ya kikombe chake, na niliona kwamba amejua anachokifanya. Walikuwa wawili sasa wanaonishika, mmoja kwa droo na mmoja kwa mapenzi, na huyu wa pili ndiye mwenye nguvu. Jumatano nilimvuta nywele makusudi. Kidogo tu, lakini nilimvuta. Ni siri yangu na wewe. Sijawahi kuichukia mikono yangu kama siku ile.

Alhamisi, aliporudi kutoka shule, nilimkalisha kwenye kigoda, nikakaa mbele yake badala ya nyuma. Nikamwambia, "Marcela, mimi nina mtoto."

"Najua. Jucilene."

"Ana miaka minane. Ananisubiri."

"Anasukwa na nani?"

"Hasukwi. Alipata chawa. Hapakuwa na mtu wa kumchambua, wakamkata zote."

Akauliza, "Kwa mashine?"

"Kwa mkasi."

"Alijificha chini ya meza?"

Nikamwambia hapana, alikaa kimya. Marcela akashuka kutoka kwenye kigoda akaenda zake chumbani, akafunga mlango. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Mtu mzima hamtwishi mtoto mzigo wake, na mimi nilikuwa nimemtwisha.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumwamsha kumsuka, nikakuta hayupo kitandani. Alikuwa ameshakaa mezani mbele ya bibi yake. Mstari wa kati umepinda kama njia ya mbuzi, butu moja nene, moja jembamba kama mkia wa panya, mafuta ya nazi yamemshuka mpaka kwenye nyusi.

Dona Heloísa akauliza, "Nani amekufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Val, mtengeneze haraka, basi la shule linakuja."

Nikachukua kitana. Marcela akasema, "Asiniguse." Hakupaza sauti. "Najua mwenyewe. Val akasuke mtoto wake."

Basi likapiga honi, mtoto akachukua mkoba akaenda shule vile vile, na njia ya mbuzi kichwani. Nilimtazama kutoka juu mpaka akaingia.

Kisha Dona Heloísa akaniuliza, "Umemwambia nini huyu mtoto?"

"Nimemwambia ukweli, Dona. Na nakuomba kitabu changu. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, naondoka."

Alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Desemba ni mbali," akasema. "Tutaona." Hakusema ndiyo, wala hapana. Kitabu bado kimo kwenye droo na droo bado imefungwa. Kwa hiyo, dada, usimwambie Juci tarehe. Nimemwahidi mara moja, inatosha. Lakini wewe jua kwamba nimelisema kwa mdomo wangu, mezani kwake, na siwezi kulirudisha. Akinipa kitabu nitakuja nacho. Asiponipa, nimeshamuuliza Mzee Raimundo, yule bawabu wa Ceará. Anasema inawezekana kuandikishwa kingine, ila ni foleni za siku nyingi, na mimi siku sina. Tutaona, kama asemavyo mwenyewe.

Mchana ule Marcela alirudi akasimama mbele ya kioo kilicho juu ya beseni. "Nilikosea wapi?" Nikanyoosha mkono kumwonyesha, akausukuma. "Kwa mdomo," akasema. Basi nikamwelekeza kwa mdomo, rudi kushoto, gawa tena, usivute, na yeye anasuka huku machozi yanamdondoka kwenye beseni, hasimami kuyafuta. Alipomaliza nilikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Sasa nikuombe la Juci, na uvumilie maelekezo yangu. Kwa chawa usitumie mafuta ya taa, hata akina mama wa shule wakikwambia. Changanya siki na maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, mloweshe, kisha pitisha kitana cha chawa pole pole, kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, maana mayai yanabaki yakitotoa. Kwa ngozi, kata jani la mshubiri nyuma ya choo chako, lisimamishe mpaka ule utomvu wa manjano uishe, la sivyo atajikuna. Kisha mpake ute wake mweupe. Matone ya mafuta ya mbarika mara moja kwa wiki, machache, ukimsugua kwa ncha za vidole. Na kabla ya kulala mfunge kitambaa changu laini kilichomo kwenye sanduku la mama, mto wa pamba unanyonya mafuta.

Zikianza kuota, chemsha kijiko cha wanga wa mahindi ndani ya tui, koroga mpaka iwe kama uji, ipoe, mpake, mfunike nusu saa, mwoshe. Mwache akoroge mwenyewe. Mwambie ni mimi nimesema. Na ukimshika kichwa, dada, hata kama umechoka, muulize kitu. Chochote. Siku yake ilikuwaje, nani kapigana shuleni. Asizoee kukaa kimya.

Nasikia lifti, huenda ni wao. Nisalimie shemeji Gilberto, umwambie nyavu alizoniomba sijazisahau. Wasalimie Adailton na Cleide na wale mapacha. Msalimie mama yangu wa ubatizo, Zulmira, aniombee anapowasha mshumaa wake wa Jumatatu. Mwenyezi Mungu akuwekee mkono kifuani usikohoe, na awape usingizi mwema nyote mliolala chini ya paa la mama yetu.

Tafadhali usizikate tena. Kwa mwezi zinaota kama upana wa ukucha. Nimepiga hesabu: kufika Desemba zitakuwa na urefu wa kidole. Hapo zinaweza kushikika, nami nitakuwa na pa kuanzia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,

Valdelice